Kidawa Anapita Alhamisi

Simu ya marehemu iliita siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, juu ya kabati la vyombo. Ilikuwa imelala pale pale tangu mwenyewe alipozikwa. Mwanahija aliitazama tu. Miezi mitatu mizima alikuwa akiichaji kila Ijumaa, wala hakujua anaichaji ya nini. Leo imeita, na mkono umekuwa mzito kama wa kuazima.

Akaipokea inakaribia kukata.

"Mzee Shamte! Mimi Ambrosi hapa. Sikiliza, simu yangu inazima. Kidawa amestaafu! Ametolewa kabisa, karatasi zimesainiwa, wanamleta huku kwetu kusini. Alhamisi mchana atapita hapo Somanga. Ulisema akipita nikwambie hata kama una homa, haya, nimekwambia. Wanakwenda kumsimamisha getini pale kambini, mvua yake, jua lake..."

"Mimi siye Shamte," Mwanahija akasema.

"Ah! Shemeji! Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Mwenyewe ametutoka. Huu mwezi wa tatu."

Sauti ya upande wa pili ikanywea. "Masikini Shamte. Amekwenda bila kumwona Kidawa wake. Pole sana shemeji. Basi hiyo Alhamisi mimi nitakuwa naye, tuta..."

Simu ikakata. Mwanahija akapiga yeye, akaambiwa na yule mwanamke wa kwenye simu kuwa namba haipatikani.

Akakaa chini kwenye mkeka wake. Alikuwa kizuka bado, ndani ya eda, nguo nyeupe mwilini, pazia mlangoni. Kwa hesabu yake alibakiwa na siku thelathini na tisa. Nyumba yao ilitazama barabara kuu ya kwenda Lindi, na kila lori lililopita liliitikisa ile simu juu ya kabati kidogo, kama inataka kuita tena.

Kidawa. Jina hilo hakuanza kulisikia leo.

Marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, kikosi cha anga, huko bara. Kazi yake hasa Mwanahija hakuijua. Alijua ni fundi, basi. Ukimuuliza fundi wa nini, anakwambia, "Wa serikali." Walikula kiapo, akasema, na barua zao zinasomwa kabla hazijafungwa. Kwa hiyo barua alizoandika zilikuwa fupi, salamu nyingi, habari kidogo, na katika hiyo habari kidogo, kila mara, alikuwamo Kidawa. Kidawa hajambo ila ana kiburi. Kidawa leo amekataa kuamka. Kidawa nimemwogesha tangu alfajiri, sasa anang'aa, njoo umwone.

Mwanahija aliuliza mara moja tu katika maisha yake. Shamte alikuwa amekuja likizo, wanachambua mbaazi uani. "Baba Siwema, huyu Kidawa ni nani?" Shamte alicheka mpaka mbaazi zikamwagika. "Huyo mke mwenzio! Lakini usihofu, chakula chako hali." Kisha kicheko kikamkatika palepale, uso ukafunga. "Mambo ya kazini hayo. Usiniulize tena."

Sasa hapo mtu ashike lipi? Kicheko au uso? Yeye hakuuliza tena. Lakini kanga alizihesabu. Kila likizo ilipokwisha, kanga moja kuukuu ilipotea sandukuni. Akadhani panya, akadhani watoto. Mwisho ikaenda ile nyekundu ya mikorosho, ambayo haikuwa kuukuu hata kidogo, na panya hawachagui rangi. Mwanahija akajua kuna mwanamke huko bara anajifunga kanga zake.

Mlangoni pazia likasogea, akachungulia Yustina, jirani yake, Mmakonde aliyekaanga pweza na samaki barabarani mbele ya nyumba. Mtani wake huyo, na watani hawangoji eda iishe.

"Nimesikia simu ya maiti inaongea. Anasemaje huko, wamempa chumba?"

"Yustina, nyamaza. Kidawa anakuja."

"Kidawa yupi? Yule wa kanga?"

"Alhamisi. Amestaafu jeshini."

Yustina akaingia ndani mzima mzima, na mwiko wake mkononi. "Ahaa! Kumbe naye askari! Ndiyo maana mzee alikuwa anaamka kwa saluti! Basi kizuka kapata kizuka mwenzake. Alhamisi nakaanga pweza mmoja zaidi, nyie wawili mgombanie mkia."

"Pweza hana mkia."

"Mtagombania huohuo asio nao."

Mwanahija hakujua acheke au amrushie kata. Akalivuta sanduku la bati. Barua zilikuwa humo, zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Alisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo alizisoma kwa kidole, pole pole, na zote alizijua kwa moyo, ila moja hakupenda kuifungua. Leo akaifungua.

Ilikuwa ya mwaka themanini na moja. "Mke wangu, nimepata habari ya mtoto. Ruhusa nimenyimwa. Kidawa ameanguka, ameumia tumbo, hatujui kama atainuka. Tunamshona usiku na mchana. Nisamehe." Basi. Hakuna zaidi.

Mtoto huyo aliitwa Maftaha. Alikaa duniani siku kumi na moja. Walimzika wajomba, kwa kuwa baba yake alikuwa huko, anamwuguza Kidawa tumbo. Na Shamte aliporudi, miezi minne baadaye, hakulitaja jina la mtoto. Hakulitaja siku hiyo, wala mwaka huo, wala mpaka alipoingia kaburini. Hilo ndilo lililomwuma Mwanahija kuliko kanga zote.

Jumatano baada ya alasiri alikuja Mwalimu Abilahi wa madrasa kumsomea marehemu Yasini. Alipomaliza, Mwanahija akamwuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu, mume akifa na wake wawili, na mmoja hajapewa habari, eda yake yule inaanzaje?"

"Inahesabiwa tangu siku ya kifo, Bi Mwanahija. Si tangu siku ya habari. Kwani kuna nini?"

"Kwa hiyo akiambiwa kesho, zimebaki siku zilezile zangu."

"Zilezile. Kwani Mzee Shamte alikuwa na...?"

"Na jambo jingine. Siku ya maziko mlikuja kunitaka radhi, nikasema nimemsamehe yote, ya dunia na ya akhera. Je, na yale niliyokuwa siyajui yamo?"

Mwalimu akakohoa. "Umesema yote?"

"Nilisema yote."

"Basi ni yote," akasema, lakini kwa sauti ya mtu atakayekwenda kutazama kitabuni.

Mwanahija alibaki na neno hilo. Yote. Ulimi wake ulilisema, lakini ulimi haukuambiwa umebeba nini. Na kama moyo haukusema, je, mumewe amelala kule na radhi nusu? Alitaka kumwona huyo mwanamke. Amtazame usoni, ajue amesamehe kitu gani, ndipo aseme tena, safari hii kwa kujua. Hilo tu. Asipomwona Alhamisi, atawekwa huko getini na wanajeshi wao, naye hatajua tena maishani. Akawaza na hilo la geti, likamchanganya zaidi. Mwanamke mzee, amestaafu, unamweka getini kwa mvua na jua? Hawa watu hawana mama zao?

Kwa hiyo akafanya anavyofanya mwanamke mwenye subira. Akatoa mkeka wa pili, akautandika pembeni ya wake. Akachukua kipande cha bafta nyeupe kilichobaki, akakishona pindo kwa mkono, nguo ya kizuka wa pili. Hakujua Kidawa ni mnene au mwembamba, akakiacha kipana.

Alhamisi, adhuhuri imeshasaliwa, likaja gari la jeshi limewasha taa, na nyuma yake lori refu lenye tela. Juu ya tela kulikuwa na mzigo mrefu umefunikwa turubai la kijani, kama samaki mkubwa amelazwa. Vikasimama kwenye uwanja mbele ya nyumba, maana madereva wote hapa Somanga husimama kula.

Kwenye gari la mbele akashuka mwanamke. Mnene, mrefu, magwanda ya jeshi, tepe tatu begani, nywele zimeanza mvi. Akajinyoosha mgongo, akashika kiuno kama mtu aliyekaa sana.

Mwanahija akajitanda, akachukua mkeka wa pili kwapani na ile bafta mkononi, akatoka. Mwalimu alishamwambia, kutoka mchana kwa haja inafaa. Na haja ni hii.

"Karibu, mwenzangu," akasema.

"Asante mama. Ugali upo?"

"Chakula kipo, na maji ya kuoga yapo. Lakini kwanza nikupe pole."

"Ah, tumeshapoa. Barabara mbaya pale darajani tu."

"Sikupi pole ya barabara. Nakupa pole ya mume wetu."

Yule mwanamke akageuka kutazama nyuma yake, kuona kama anaambiwa mwingine. "Mume wa nani?"

"Wetu. Shamte. Amefariki, mwenzangu. Nimekutandikia. Zimebaki siku thelathini na saba, tutakaa wote. Sina kinyongo, ila uniambie mwenyewe kwa mdomo wako."

"Mama, mimi naitwa Sajenti Skolastika. Mume wangu yupo Morogoro, na asubuhi hii kanipigia."

Yustina mwiko ulimponyoka ukazama kwenye mafuta. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Hapo ndipo kutoka upande wa lori akaja mzee mwembamba, kofia mkononi, anachechemea mbio mbio. "Shemeji! Shemeji Mwanahija! Mimi ndiye Ambrosi, niliyepiga simu. Nimestaafu siku nyingi, lakini wakinihitaji kwa ajili yake wananiita."

"Kwa ajili ya nani? Kidawa yuko wapi? Huyu anasema siye."

Ambrosi akamtazama Skolastika. Akautazama mkeka, na ile nguo nyeupe. Uso wake ukabadilika pole pole, kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Hakukwambia? Miaka yote hiyo?"

"Aliniambia nisimwulize tena."

"Yesu wangu," Ambrosi akasema. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye tela. "Shemeji, Kidawa yule pale."

Mwanahija alitazama juu ya tela, akitafuta mtu amekaa juu ya mzigo. Hakuna mtu. Akainama atazame chini ya tela. Hakuna mtu.

"Ndege, mama," Skolastika akasema kwa upole. "Ndege ya kivita. Imestaafishwa. Inakwenda kuwekwa kwenye nguzo, getini, watu waione."

"Usimwite hivyo, sajenti," Ambrosi akasema. "Huyu si 'hii'. Sisi hatukumwita 'hii' hata siku moja. Ndege tulikatazwa kuitaja nje ya kambi, imeruka, imeharibika, marufuku. Shamte ndiye aliyesema, basi tumpe jina la mtu, tumseme kama mtu, barua zitapita. Amelala, ameamka, ameumwa. Wasomaji wa barua nao wakadhani hivyohivyo kama wewe."

Mwanahija alisimama. Miguu yake ilikuwa pale Somanga lakini kichwa kilikuwa hakijafika. Miaka arobaini na kitu alimvalisha mwanamke huyu sura. Alimpa mwanya, alimpa hina miguuni. Alimchukia siku za mvua na kumhurumia siku za sikukuu. Sasa anaambiwa huyo sura hana, ni bati.

"Na kanga zangu?"

Ambrosi akaangalia chini. "Zile zako? Shemeji, huyu mdomo wake uko wazi mbele, ndiko anakovutia hewa. Kifuniko chake kilipotea tangu zamani, na kipya hakikuja. Akilala bila kuzibwa, ndege wanaingia kutaga. Ndege ndani ya ndege, akiamka anakufa na wao. Shamte alikuwa anamziba kwa kanga kila jioni. Afande akamtania Shamte, akamwita mama wa watoto."

"Na ile nyekundu ya mikorosho?"

"Hiyo nayo aliivaa. Ikapeperuka siku ya kimbunga. Shamte aliitafuta porini mpaka giza."

Yustina akasema kutoka huko kwenye karai, "Afadhali angekuwa mwanamke, tungemnyang'anya." Lakini hakucheka tena.

Ambrosi akapanda kwenye tela, akafungua kamba, akalikunja turubai. Ndiyo hivyo Mwanahija alivyomwona. Mwili mrefu, wa duara, rangi imembambuka vipande vipande kama ukuta wa chokaa. Mbawa zimetolewa, zimelazwa ubavuni. Injini hana, akasema Ambrosi, wameshaitoa. Matairi walimvua kitambo kuwapa dada zake waliokuwa wanaruka bado, halafu wakamvua na kiti, na saa zake zote za mbele, akabaki anasimama juu ya magogo miaka mingi, nyasi mpaka tumboni. Alikuja kwa meli ndani ya masanduku, yeye na dada zake, wakaungwa hapa hapa. Vita vya Kagera alikwenda, akarudi na matundu mawili. Aliyeyaziba ni Shamte.

"Na mwaka themanini na moja?" Mwanahija akauliza. "Aliniandikia kaanguka, kaumia tumbo."

"Magurudumu yalikataa kushuka. Akatua kwa tumbo. Rubani akatoka mzima, yeye akachanika hivi." Ambrosi akaonyesha kwa mikono. "Tulipewa amri asimame kabla ya sherehe za Desemba. Hakuna kwenda nyumbani."

"Hata mwenye maiti?"

"Shamte aliomba mara mbili, shemeji. Mara ya pili wakamfungia siku tatu kwa ubishi."

Kidawa angekuwa mwanamke, Mwanahija angemwelewa mumewe. Mwanamke mgonjwa, mwanamume anabaki, ni ubaya lakini unao mlango wake. Hili ni bati. Mwanawe alizikwa na wajomba kwa sababu ya bati. Na hapohapo, mumewe aliomba mara mbili, akafungwa, wala hakumwambia hata siku moja. Amkasirikie yupi? Mbona kila anayemgeukia hayupo?

"Njoo," Ambrosi akasema. "Kuna kitu. Kilikuwa chini ya rangi, sasa rangi imekwisha, kimetoka chenyewe. Ndicho Shamte alichotaka kukiona."

Wakamsaidia kupanda, Skolastika akimsukuma nyuma kwa heshima zote, Yustina akilalamika kuwa kizuka hapandi malori. Pale tumboni kulikuwa na kiraka kikubwa cha bati, kimepigwa misumari ya ribiti safu kwa safu, karibu karibu, sawa sawa. Mwanahija alizijua zile nafasi. Ndivyo Shamte alivyowashonea viatu watoto, ndivyo alivyoliziba pipa la maji uani.

Kwenye pembe ya kiraka kulikuwa na vitone vidogo, vimegongwa kwa ncha ya msumari. Akaviwekea kidole. Akasoma kama anavyosoma barua, herufi kwa herufi.

M. A. F. T.

Hakuendelea. Alikuwa ameshajua. Kidole chenyewe ndicho kilichoendelea mpaka mwisho.

"Aliligonga usiku wa mwisho, kabla hatujampaka rangi," Ambrosi akasema. "Nikamwambia, afande akiona umekwisha. Akasema hataona. Akaniambia, mwanangu hakupata kwenda popote. Na kweli, shemeji, miaka kumi na tisa tena Kidawa ameruka naye, hakuna aliyejua ila sisi wawili. Kila akipaa, Shamte alikuwa anasimama nje kichwa juu, mpaka arudi. Wenzake wakadhani ana wivu."

Mwanahija aliweka kiganja chote juu ya lile jina. Bati lilikuwa la moto kwa jua la mchana, lakini hakukiondoa.

Dereva akapiga honi. Njia bado ndefu, na mzigo mpana hauruhusiwi kusafiri jua likizama.

"Bado mdomo wake uko wazi?" Mwanahija akauliza.

"Uko wazi. Turubai halifiki."

Akampa Ambrosi ile bafta yenye pindo. "Mzibe. Nilishona pana, nadhani itatosha."

Ambrosi akaikunja, akaisukuma mdomoni mwa Kidawa, akaibana kwa kamba. Ilitosha. Kidawa akawa amekaa pale mbele na kilemba cheupe, mzee wa watu, na hakuna aliyecheka. Hata Yustina, ambaye alimfungia Skolastika ugali na pweza kwenye mfuko na kumwambia, "Chukua, mke wa tatu," alisema hivyo kwa sauti ya chini.

Walipomshusha, Mwanahija alitazama juu, akasema, "Shamte, nimekuwia radhi." Akajiuliza kama safari hii limetimia, akaona bado limepungua kidogo, hajui wapi. Akaongeza, "Na wewe pia, Kidawa. Ila ile ya mikorosho naidai."

Lori likaondoka. Lilipopinda akaona weupe mmoja tu mbele ya ule mwili mrefu, halafu vumbi.

Akarudi ndani, akashusha pazia. Mkeka wa pili ulikuwa bado kwapani. Akautandika ili aukunje vizuri. Akaukunja. Akasimama nao katikati ya chumba, akifikiri unarudi wapi. Kisha akautandika tena, pale pale pembeni ya wake, akakaa.